Sekunde Kumi na Moja

Fainali ya mita 1500 ya Olimpiki ya Montreal ilikimbiwa tarehe 31 Julai 1976, na ilianza polepole. Bastola ililia, na badala ya kutimka, watu wakaanza kuviziana. Mzunguko wa kwanza uliisha kwa zaidi ya sekunde 62. Mita 800 zikapita kwa dakika 2 na sekunde 3, mwendo ambao wakimbiaji wa daraja lile huuzoea mazoezini. Kila mmoja alikuwa na jicho kwa John Walker wa New Zealand, pande la mtu lenye nywele ndefu zinazopepea, na Walker naye alikuwa na jicho kwa kila mmoja. Mbio zilikuja kufunguka mwishoni kabisa. Walker alichomoka, akashinda kwa dakika 3 na sekunde 39.17. Ivo Van Damme wa Ubelgiji na Paul-Heinz Wellmann wa Ujerumani Magharibi walimfuata, na wote watatu waliachana kwa chini ya robo ya sekunde.

Medali ile Walker aliistahili. Lakini kila aliyeijua riadha ya miaka ile alielewa kwa nini mbio zilikwenda mwendo wa kobe. Hakukuwa na mtu wa kuzivuta. Mwenye kazi hiyo alikuwa mmoja duniani, kijana wa Karatu, naye hakuwepo uwanjani. Miaka miwili na nusu kabla ya hapo, katika mji wa Christchurch, nchini kwa Walker mwenyewe, Filbert Bayi alizipita mita 800 za mbio hizohizo kwa dakika 1 na sekunde 52.2. Toa hesabu. Ni tofauti ya sekunde kumi na moja. Kwa kasi ya watu wale, sekunde kumi na moja ni mita sabini na kitu: ukimweka Bayi wa Christchurch ndani ya fainali ya Montreal, wenzake wanabaki kuuona mgongo wake ukikunja kona ya mbele.

Hadithi ya sekunde hizo ndiyo ninayotaka kuisimulia hapa, kwa sababu nyuma yake yamo mambo mawili tunayoyasimulia kila moja peke yake, ilhali ni jambo moja. La kwanza ni tabia ya mtu. La pili ni msimamo wa nchi yake.

*

Bayi alizaliwa Karatu tarehe 23 Juni 1953, kwenye nyanda za juu zinazopakana na Ngorongoro, nchi ya mashamba ya ngano na baridi ya asubuhi. Ukanda ule, kuanzia Karatu hadi Mbulu, umeipa Tanzania wakimbiaji wengi kuliko mahali pengine popote. Mkimbiaji John Stephen Akhwari naye ni mtu wa Mbulu. Bayi aliingia Jeshi la Wananchi, na alikuwa na miaka 19 tu alipopelekwa Olimpiki ya Munich mwaka 1972. Huko alikimbia mita 1500 na mita 3000 kuruka viunzi na maji. Hakuvuka hatua ya mchujo katika mbio zote mbili, akarudi nyumbani bila mtu kumkumbuka.

Halafu ukaja Januari 1973, Michezo ya Afrika mjini Lagos. Kipchoge Keino alikuwa mfalme wa mbio hizi barani. Dhahabu ya Olimpiki ya Mexico ilikuwa yake, na watoto wa Afrika Mashariki yote waliitwa Keino wakikimbia kwenda dukani. Bayi alimshinda. Hakumvizia mwishoni. Alitangulia, akabaki mbele, na Keino hakumfikia.

Hapo ndipo dunia ilipoanza kumjua kama mtu wa mbele. Kiangazi cha mwaka ule alizunguka Ulaya akifanya vilevile kila alipokimbia: bastola ikilia anaondoka, mizunguko miwili ya kwanza anaikimbia kana kwamba mbio ni za mita 800, kisha wengine wahangaike wenyewe. Mara nyingine ilimgharimu. Mjini Stockholm, katika mbio za maili moja, alitimka namna hiyo na Ben Jipcho wa Kenya akamnasa mwishoni. Waliozoea riadha ya kupimapima waliona kijana mwenye mapafu makubwa asiyejua kugawa nguvu zake.

Mimi nadhani alijua vizuri sana. Nitaeleza kwa nini, na itabidi nianze na jambo dogo la kwangu.

Nikiwa kidato cha tatu nilikimbia mita 1500 katika mashindano ya UMISSETA ya mkoa. Uwanja ulikuwa wa vumbi, mistari ilichorwa kwa majivu, na tulikuwa wavulana kumi na wanne, wengi wetu pekupeku. Niliwekwa upande wa ndani kabisa, nikafurahi, nikidhani nimepewa njia fupi. Kwenye kona ya kwanza nilizibwa. Mbele yangu mgongo, kuliani mwangu bega, kushotoni ukingo wa majani. Nikitaka kuongeza mwendo sina pa kupita, nikitaka kupunguza wa nyuma ananikanyaga kisigino. Kiwiko kilinipata mbavuni, sikujua cha nani. Mzunguko wa pili mmoja wa wachache waliokuwa na viatu vya njumu alinichana muundi, nikaona damu ikishuka mpaka kifundoni na vumbi likiigandisha. Nguvu nilikuwa nazo, tena nyingi. Mahali pa kuzitumia sikupata mpaka mbio zikaisha, nikamaliza wa tisa nikiwa sijachoka.

Tangu siku hiyo, nikimwona mtu ameamua kukimbia mbele, siulizi tena kama ana akili. Kwenye kundi unaikabidhi mbio yako kwa watu wengine. Mwendo wanapanga wao, kona wanazimiliki wao, na ukija kupata upenyo, aliyeupata sekunde moja kabla yako amekwisha kwenda. Mbele kuna njia nyeupe. Lakini mbele kuna bei yake. Upepo unaukata wewe, wa nyuma wanajikinga kwako. Mwendo unauweka wewe, wao wanaufuata bila kufikiri. Kubwa kuliko yote, wao wanakuona na wewe huwaoni. Unasikia vishindo tu, au unasikia makelele ya watu jukwaani yakibadilika, na lazima ukisie maana yake. Kukimbia hivyo dhidi ya watu bora duniani, mara kwa mara, kunataka moyo ambao haufundishwi na kocha yeyote.

*

Tarehe 2 Februari 1974 ilikuwa siku ya mwisho ya Michezo ya Jumuiya ya Madola, katika uwanja wa Queen Elizabeth II Park, Christchurch. Usitafute uwanja huo leo. Matetemeko yaliyoupiga mji mwaka 2011 yaliuharibu, ukabomolewa.

Orodha ya fainali ile bado inashtua ukiisoma. Alikuwepo Walker, miaka 22, akiwa nyumbani, pamoja na mwenzake Rod Dixon aliyekuwa na shaba ya Munich. Alikuwepo Mike Boit wa Kenya. Alikuwepo Brendan Foster wa Uingereza. Na alikuwepo Jipcho, ambaye katika michezo ileile alikwisha kuchukua dhahabu mbili, ya mita 5000 na ya kuruka viunzi na maji.

Jipcho anastahili tusimame naye kidogo. Kule Mexico mwaka 1968, katika fainali ya Keino na Jim Ryun, mwenye rekodi ya dunia wakati ule, yeye ndiye aliyejitoa kafara. Alitangulia kwa kasi isiyo na huruma katika hewa nyepesi ya mji ule ili Keino apate mwendo na Ryun akatike pumzi, kisha akaachwa nyuma kama alivyojua ataachwa. Kwa hiyo alizijua gharama za mbele kwa mwili wake. Sasa, miaka sita baadaye, alikuwa akimtazama kijana wa miaka 20 akifanya vile kwa ajili yake mwenyewe.

Bayi aliondoka. Mita 400 kwa sekunde 54.9. Mita 800 kwa 1:52.2, na nyuma yake pengo la kutosha kupitisha lori. Mita 1200 kwa 2:50.8. Kwa utaratibu wa kawaida wa mbio hizi, mtu aliyejitumia namna ile anaanza kuvunjika hapo. Miguu inakuwa ya kuazima, mabega yanapanda masikioni. Walker alijua hivyo. Alianza kumfuata kwenye mzunguko wa mwisho, akalipunguza pengo hatua kwa hatua mbele ya umati wa kwao uliokuwa ukipiga kelele za kuezua paa, na walipoingia moja kwa moja ya mwisho ilionekana wazi kwamba atampata.

Hakumpata. Mita 300 za mwisho Bayi alizikimbia kwa sekunde 41 na ushei, bila kuvunjika. Alipita utepeni kwa 3:32.16, rekodi mpya ya dunia. Walker alifika kwa 3:32.52, na hapo ndipo ukubwa wa siku ile unapoonekana, kwa sababu Walker naye alikuwa amekimbia chini ya rekodi ya Ryun ya 3:33.1, iliyodumu tangu mwaka 1967. Alivunja rekodi ya dunia akawa wa pili. Jipcho alikuwa wa tatu kwa 3:33.16. Ukipiga hesabu ya kasi yao, kati ya Bayi na Walker palikuwa na mita mbili na nusu, kama urefu wa kitanda na nafasi ya kuwekea viatu.

Katika mbio hizi tumezoea rekodi zinazowekwa na mtu anayeburutwa na wasaidizi waliolipwa kuweka mwendo. Bayi hakuwa na msaidizi. Alikuwa msaidizi wa wote, akashinda.

*

Kuna mtu mmoja ambaye hatajwi katika hadithi hii, na bila yeye isingekuwepo. Jina lake Norman Kirk, waziri mkuu wa New Zealand. Mwaka 1973 timu ya raga ya Afrika Kusini, iliyochaguliwa kwa rangi ya ngozi, ilikuwa izuru New Zealand. Nchi za Afrika zilisema wazi kwamba timu hiyo ikikanyaga kule, wao Christchurch hawaendi. Raga kwa watu wa New Zealand ni kama Simba na Yanga kwetu, na kiongozi anayeigusa anajua anachokiomba. Kirk aliigusa. Aliizuia ziara, na Waafrika wakaenda Christchurch. Mwaka uleule wa 1974, mwezi Agosti, Kirk alifariki.

Serikali iliyokuja madarakani mwishoni mwa mwaka 1975, ya Robert Muldoon, haikuona sababu ya kuzuia. Mwaka 1976 zamu ikawa ya timu ya New Zealand kwenda Afrika Kusini. Tarehe 16 Juni polisi wa makaburu walifyatulia risasi wanafunzi wa Soweto. Wiki mbili baadaye ziara ya raga ilianza kama kawaida. Nchi za Afrika zikaitaka Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iitoe New Zealand Montreal. Kamati ikajibu kwamba raga si mchezo wa Olimpiki, haiwahusu. Nchi karibu thelathini zikasusa, Tanzania ikiwa miongoni mwa zilizosimama mbele kabisa.

Isingekuwa rahisi kwa Tanzania kufanya vingine. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam tangu mwaka 1963. Wapigania uhuru wa kusini waliishi kati yetu, walipanda mabasi yetu, wengine walizikwa katika ardhi yetu. Serikali ya Mwalimu Nyerere isingeweza kuwaambia watu wale kwamba msimamo unaishia pale medali inapoanzia.

Naamini uamuzi ule ulikuwa sahihi, na nitausema hivyo popote. Lakini nakasirishwa na namna tunavyousimulia, kana kwamba nchi ndiyo iliyotoa sadaka na imekwisha. Sadaka ile ilikuwa na majina. John Akii-Bua wa Uganda, bingwa wa mita 400 kuruka viunzi, hakutetea taji lake. Mike Boit hakukimbia mita 800. Na Bayi, aliyekuwa na miaka 23, umri ambao mkimbiaji wa mbio za kati anaingia kwenye ubora wake, alizikosa mbio ambazo dunia nzima ilikuwa ikizingoja tangu Christchurch. Katikati ya mambo haya, Mei 1975, alikuwa amevunja rekodi nyingine ya Ryun, ya maili moja, kwa 3:51.0 mjini Kingston, Jamaika. Walker alimjibu Agosti mwaka uleule kwa 3:49.4, mtu wa kwanza duniani kushuka chini ya 3:50. Wawili wale walikuwa wakijibizana kutoka mabara mbalimbali, na Montreal ndiyo ingekuwa mahali pa kumalizana.

Malaria nayo ilimshika Bayi muda mfupi kabla ya michezo ile, na wapo wanaosema kwamba hata angekwenda asingekuwa Bayi yule. Inawezekana. Mimi hilo halinipunguzii uchungu. Mwenye homa aliyenyimwa mbio bado amenyimwa mbio.

Walker hana kosa katika haya. Hakucheza raga Afrika Kusini. Alikimbia waliokuwepo, akawashinda.

*

Miaka minne ilipita, na sasa waliokuwa wakisusa ni wengine. Jeshi la Umoja wa Kisovieti liliingia Afghanistan mwishoni mwa mwaka 1979, na Marekani ikaitaka dunia isiende Olimpiki ya Moscow. Februari 1980 Rais Carter alimtuma Muhammad Ali kuja Afrika kuwashawishi viongozi, na kituo chake kimojawapo kilikuwa Dar es Salaam. Nyerere hakumpokea. Watu hapa walimuuliza Ali swali moja: Afrika ilipogomea Montreal kwa ajili ya Soweto, Marekani ilikuwa wapi? Ali hakuwa na jibu, na kwa heshima yake, hakujifanya analo.

Kenya ilisusa. Tanzania ikaenda. New Zealand ilipeleka wanamichezo wachache sana, na Walker hakuwamo. Kwa hiyo mwaka 1976 Bayi alikosekana kwa sababu ya New Zealand kuwepo, na mwaka 1980 Walker alikosekana ilhali Tanzania ipo. Wawili hawa hawakuwahi kukutana katika fainali ya Olimpiki.

Moscow Bayi alirudi kwenye mbio alizozishindwa Munich akiwa kijana: mita 3000 kuruka viunzi na maji. Ni mbio za kuchosha zisizo na mfano. Viunzi 28 vya kimo cha sentimita 91, vizito, visivyoanguka ukivigonga, na maji mara saba. Kwenye maji unakanyaga juu ya mbao, unajirusha mbele, unatua kwa mguu mmoja kwenye ukingo wa dimbwi. Ukiwa na nguvu, unatua karibu na ukavu. Nguvu zikipungua unatua kwenye kina, kiatu kinajaa, na mguu unaokuja kuunyanyua si uleule uliotua nao.

Fainali ilikuwa tarehe 31 Julai 1980. Ilikuwa miaka minne kamili, siku kwa siku, tangu Walker achukue dhahabu ya Montreal.

Bayi aliondoka. Alikuwa na miaka 27, na mtu angetegemea kwamba Christchurch ilikuwa ya ujana na sasa atakimbia kwa hesabu. Alitimka kama alivyotimka siku zote, akafungua pengo la mita thelathini hivi, akawa peke yake na viunzi vyake. Nyuma, Bronisław Malinowski wa Poland, aliyekuwa na fedha ya Montreal katika mbio hizihizi, hakubabaika. Alianza kulila pengo lile mzunguko baada ya mzunguko. Kengele ya mwisho ilipolia Bayi bado alikuwa mbele, lakini magoti yalikwisha kushuka. Malinowski alimkuta karibu na maji ya mwisho, akampita, akaenda kushinda kwa 8:09.70. Bayi alimaliza wa pili kwa 8:12.48, sekunde moja tu mbele ya Eshetu Tura wa Ethiopia aliyekuwa akimnyemelea.

Nimezitazama mbio hizo mara nyingi, na kila mara kuna mtu pembeni yangu anayesema, angesubiri tu angeshinda. Huenda. Lakini mtu wa kusubiri asingekuwa na 3:32.16. Aliyeipa Tanzania rekodi ya dunia na aliyeipoteza dhahabu ya Moscow ni mtu mmoja, na alikimbia vilevile siku zote mbili.

Siku iliyofuata Suleiman Nyambui alichukua fedha ya mita 5000 nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia. Medali hizo mbili, za siku mbili mfululizo, ndizo pekee ambazo Tanzania imewahi kuzileta nyumbani kutoka Olimpiki. Malinowski alikufa katika ajali ya gari mwaka uliofuata. Bayi alikuja kuwa katibu mkuu wa Kamati ya Olimpiki Tanzania, na pamoja na mkewe Anna akaanzisha shule zinazobeba jina lake, Kimara na Kibaha, ambako watoto wengi wamelijua jina hilo kwanza kama nembo ya sare zao.

Rekodi ya dunia ya Christchurch ilidumu hadi Agosti 1979, Sebastian Coe alipoipunguza kwa sehemu ndogo sana ya sekunde. Lakini kama rekodi ya Michezo ya Jumuiya ya Madola ilibaki pale, michezo baada ya michezo, wakapita Waingereza, Wakenya na Waaustralia wenye viatu bora na viwanja bora, na hakuna aliyeifikia. Ilivunjwa Birmingham mwaka 2022, baada ya miaka 48. Oliver Hoare wa Australia alikimbia 3:30.12. Wakati wanaingia moja kwa moja ya mwisho mbele yake kulikuwa bado na migongo ya watu, na alimpita Timothy Cheruiyot wa Kenya hatua chache tu kabla ya utepe.